Obed na Bei ya Kesho

Obed hakuja Karatu kutafuta kazi. Kazi alishaikimbia Moshi, akaikimbia tena Arusha, na asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la Mama Marsela, muuza chai wa karibu na stendi, akiikodolea macho gari ya mtu. Ilikuwa Landkruza ya utalii, ya zamani lakini mifupa yake mizima, yenye paa la kunyanyuka na mkwaruzo ubavuni ambao mwenyewe aliwaambia wageni kwamba ni wa pembe ya kifaru. Mwenyewe ni Patrisi, dereva aliyezeekea njia ya kupanda lango la Ngorongoro, na sasa alitaka kurudi kwao Mbulu akalime vitunguu saumu. Alikuwa ametangaza mji mzima: siku ya mnada, jua likifika utosini, atakayekuja na fedha mkononi ndiye atakayeondoka na ufunguo. Hakopeshi, hamwekei mtu, na maneno matamu yanamletea usingizi.

Neno hilo la mwisho lilimchoma Obed, maana maneno matamu ndiyo mali yote aliyokuwa nayo. Ukitoa ulimi, kilichobaki ni kaunda suti ya kaki, viatu vya kung'aa na simu iliyopasuka kioo. Lakini kila mtu ana kona moja safi moyoni, na kwenye kona ya Obed ilikuwa imeegeshwa Landkruza ile. Alijiona ndani yake, kiwiko dirishani, jina la kampuni mlangoni, watu wakimwita mkurugenzi bila kucheka. Akishaipata, alijiapia, uongo ataacha kabisa, abaki na ule mdogo tu wa kuwaambia watalii kwamba twiga wa kreta leo wamelala.

Sasa pembeni yake kwenye benchi walikaa madalali wawili wa vitunguu waliopanda kutoka Mang'ola, nao walikuwa wanalaumiana. Walikuwa wameuza mzigo jana, leo bei imepanda. Mmoja akasema kwa uchungu, kama mtu aliyefiwa, kwamba angejua jana bei ya leo, leo asingekuwa anakunywa chai bila andazi.

Kikombe cha Obed kikasimama nusu ya safari.

Alinyanyuka, akaenda nyuma ya kibanda, akampigia simu Emmanueli. Huyu Emmanueli alisoma naye sekondari mpaka mmoja wao alipofukuzwa, tusitaje nani, na siku hizi yuko Arusha anatengeneza apu, vile vidude unavyovigusa kwenye kioo cha simu vikafunguka. Obed akamweleza kwamba anataka apu ya kutaja bei ya kesho: vitunguu, maharage, mahindi, mbuzi, ng'ombe. Emmanueli akauliza hiyo bei ya kesho itatoka wapi. Obed akasema achukue bei ya leo, aongeze kidogo ikikaribia siku ya mnada, apunguze kidogo mvua ikinyesha.

"Huo sio utabiri, Obed."

"Ni hesabu."

"Wala sio hesabu."

"Basi ni apu," akasema Obed, na shauri likaishia hapo.

Jina likawa Bei ya Kesho. Ilifunguka kwa namba ya siri, kila mteja na namba yake, na ilipofunguka ilitoa mlio kama wa kengele ya kanisa, ili watu wasije wakadhani ni mchezo. Ikabaki kuamua iuzwe ngapi, na hapo ndipo Obed alipogundua kwamba kutunga uongo ni rahisi kuliko kuupangia bei.

Emmanueli alimfundisha wanavyofanya wenzake. Wako wanaotoa bure, wakalipwa na matangazo. Wako wanaouza mara moja wakamalizana. Wako wanaotoza kila mwezi, kama mwenye nyumba. Wako wanaokufungulia mlango wa kwanza bure, ukishaketi ndani wakakutoza wa pili. Lakini wote, akasema Emmanueli, hawaangalii kitu kimewagharimu nini kukitengeneza. Wanaangalia mnunuzi anaogopa kukosa nini.

Obed alianza na bure. Alizunguka soko zima na ile apu bure, akarudi kama alivyokwenda. Mmoja alimuuliza anagombea udiwani wa kata gani. Mwingine alidhani ni ile biashara ya kuingiza watu wawili chini yako, akahama upande wa barabara. Mama Marsela mwenyewe alikataa katakata, kwa sababu kitu cha mwisho alichopewa bure kwenye simu kilimlia bando lote kabla hajajua ni kitu gani.

Siku iliyofuata akaweka bei ndogo, jero tu, shilingi mia tano. Ah, hapo ndipo alipokoma. Wale madalali wa Mang'ola waliona jero ni mwanzo wa mazungumzo. Walimshusha mpaka mia mbili, wakataka mbili kwa bei hiyo, na walipokubaliana wakasimama wanamtazama, hawaondoki. Akawauliza wanangoja nini. Wakamwambia wanangoja lumbesa. Mtu ananunua gunia anaongezewa kilima juu yake, sasa wao waende na apu imekatwa usawa wa mdomo wa gunia? Obed aliwaeleza kwamba apu haina mdomo. Wakamwambia basi hawezi kujua kama imejaa, wakarudisha.

Akapandisha mpaka elfu hamsini. Hapo akapata heshima, wanunuzi hakupata. Watu walikuja kuiangalia ile simu kwa mbali, mikono nyuma, kama wanaangalia jeneza la tajiri. Walisema ni kitu kizuri. Walisema wana shemeji yao angekinunua. Obed alikuwa karibu kukata tamaa, na mnada ukiwa umekaribia, pale Mama Marsela alipoweka birika chini akasema neno ambalo hakulipima kabisa.

"Kaka Obed, hiyo apu si inajua bei ya kila kitu kesho?"

"Ya kila kitu, mama."

"Basi iulize yenyewe kesho itauzwa ngapi. Nisije nikanunua leo, kesho ikashuka."

Benchi zima likamtazama Obed. Hata mtu wa maandazi akaacha kugeuza. Na Obed, ambaye hajawahi kukosa neno tangu alipoota meno, ikabidi akalitafute. Aliomba udhuru, akaenda nyuma ya kibanda, akaongea na Arusha kwa muda mrefu na kwa sauti ya chini. Aliporudi alikuwa na uso mwingine. Aliwaonyesha kioo. Chini ya bei ya vitunguu na bei ya mbuzi ilikuwepo sasa bei ya Bei ya Kesho: leo elfu kumi, kesho elfu ishirini.

Jamani, watu wa Karatu si wajinga. Wanajua mvua, wanajua mbegu, wanajua mtalii wa kutoa bahshishi na mtalii wa kutoa kalamu. Lakini mwambie mtu mwenye akili kwamba kitu cha elfu kumi kesho ni elfu ishirini, akili yake yote inageuka kumsaidia kukosea. Wale wale waliokataa bure walikuja mbio. Hawakutaka apu, walitaka namba, wakaziweke mpaka kesho waziuze. Kinyozi alifunga kibanda chake. Mzee mmoja wa kanisa alichukua namba mbili, moja yake na nyingine, alisema, kwa ajili ya paa la kanisa. Wale madalali walirudi wala hawakugusia lumbesa. Obed akatangaza kwa huzuni kwamba namba zinakaribia kwisha, kompyuta ya Arusha imejaa, na kusikia hivyo watu wakaanza kutuma fedha kabla hawajafika kwenye benchi.

Katikati ya msukosuko huo akaja mzee mrefu, koti zito, mabuti ya mpira, akaagiza chai. Aliinywa yote mpaka makapi akiwatazama wanavyosukumana. Ndipo akamwita Obed kwa kidole. Jina lake Silvanus, mkulima wa upande wa Rhotia, kule juu mashamba yanakogusana na msitu wa hifadhi. Aliuliza namba zimebaki ngapi. Obed akamjibu zimebaki chache mno, maana hizo chache mno zilikuwa bado nyingi sana.

"Nazitaka zote," akasema mzee Silvanus. "Ila njoo nyumbani tuongee, hapa watu wana masikio."

Obed alipanda huko kwa bodaboda. Na alipofika, macho yalikwenda yenyewe kwenye zizi. Lilikuwa limejaa: mweusi mwenye pembe za kupinda, wawili wa kahawia walionenepa mpaka wanabanana, mwenye madoa na ndama wake, na dume jeupe lililosimama peke yake kama mkuu wa wilaya. Obed alikulia Arusha mjini, ng'ombe alimjua kwa mishikaki. Hata hivyo aliona palepale Landkruza ikipiga honi katikati ya zile pembe.

"Fedha taslimu sina, mwanangu," akasema mzee Silvanus. "Wanyama ndio hao."

"Wote, baba?"

"Wewe unawaonaje?"

"Nawaona wazuri."

"Basi tuiulize apu yako, tusidhulumiane."

Obed akaifungua, kengele ikalia, na kwa kuwa kesho ilikuwa mnada, apu ikapandisha ng'ombe kama ilivyofundishwa. Mzee Silvanus alivaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Akasema kwamba kwa bei hiyo wanyama wale wanazizidi namba zote za Obed, na wanazizidi sana. Sasa hii apu, akauliza, huwa inakosea?

Hapo mtu mwingine angekohoa. Obed alifikiri, nikisema inakosea, namba zangu ni karatasi za pipi.

"Haikosei, baba."

"Basi utaniongezea tofauti," akasema mzee, akavua miwani.

Obed akaongeza. Fedha yote aliyokusanya kwenye benchi la Mama Marsela, mpaka ile ya paa la kanisa, aliihamisha kwa simu papo hapo, akicheka moyoni kwa huruma, kwa sababu mzee wa watu alikuwa anabadilisha mali inayopumua kwa namba za hewa. Walipeana mikono. Mama wa nyumba akaleta maziwa ya mgando. Obed akalala usingizi wa mkurugenzi.

Lakini ninyi mnaoifahamu nchi ile mmeshashika vichwa. Kwa Wairaqw, ng'ombe walio zizini kwa mtu si lazima wawe wa mtu huyo. Mwenye wengi hawaweki pamoja, maana ugonjwa ukiingia zizi moja unamaliza ukoo. Anamkabidhi huyu mmoja, yule wawili, rafiki wa ng'ambo ya bonde dume. Anayetunza anakunywa maziwa na kupata samadi ya shamba, lakini mnyama na ndama wake ni wa mwenyewe. Unaweza kupita kwa bibi ambaye kwake kuna kuku tu ukamhurumia, kumbe nusu ya kijiji inakunywa maziwa ya ng'ombe wake. Na zizi la kufurika kama la mzee Silvanus huenda lisiwe na kwato hata moja la kwake. Majani yalikuwa yamekwisha upande ule, wenyewe walikuwa wameshamwambia awarudishe, na miguu yake ilikuwa inamuuma. Jioni ile, Obed akiwa anakoroma, mzee alikaa na simu yake akawapigia mmoja mmoja: kesho asubuhi kijana wangu anawaleta.

Asubuhi, umande ukiwa bado, Obed aliondoka na kundi lake, kaunda suti ameikunja mpaka magotini. Kuswaga ng'ombe si kazi ya kubembeleza kwa maneno, ingawa alijaribu. Aliwaita waheshimiwa, akawaita wapendwa. Dume jeupe lilisimama katikati ya barabara ya vumbi jekundu likatafakari mambo yake mpaka gari la watalii lilipokuja, watalii wakalipiga picha pamoja na Obed.

Kwenye kona ya kwanza alimkuta bibi mfupi amesimama na kamba mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Laurencia. Alimsalimu Obed vizuri, akauliza ameamkaje, nyumbani wameamkaje, mzee Silvanus miguu imekuwaje. Kisha akamfunga kamba yule mweusi mwenye pembe za kupinda na kuanza kuondoka naye.

"Bibi, samahani," akasema Obed. "Huyo nimemnunua."

Bibi Laurencia akageuka polepole. "Umemnunua kwa nani, mjukuu wangu?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Nilikuuzia lini?"

Wanawake wawili waliokuwa wanapalilia wakainua majembe, si kwa ubaya, ila kusikia vizuri. Bibi Laurencia akamwuliza kwa upole kama basi anacho kibali cha kijiji cha kusafirisha mifugo, maana anayenunua hupewa. Obed akapapasa mifuko, ingawa alijua vilivyomo. Na mmoja wa wale wanawake akamwuliza mwenzake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwizi wa ng'ombe siku hizi bado anapelekwa polisi au anaishia njiani.

Obed akampisha. Akasema alikuwa anatania, kwamba vijana wa mjini ndio utani wao, na kweli mzee Silvanus amemtuma. Bibi akamshukuru, akambariki kwa Kiiraqw maneno marefu, akampa na viazi vitamu viwili vya njiani.

Kuanzia hapo Obed alijua yuko wapi, lakini barabara ilikuwa moja na ng'ombe walikuwa wanaijua kuliko yeye. Wa kahawia wa kwanza aliingia mwenyewe kwenye geti la watu bila kuaga. Wa pili alichukuliwa na baba mmoja aliyemsifu Obed kwa kuwaleta taratibu bila kuwachosha, akasema vijana wenye adabu hiyo wamekwisha duniani. Mwenye madoa na ndama wake walipokelewa na familia nzima, watoto wakiimba, na Obed akalazimishwa kuketi na kunywa uji. Alishukuriwa siku ile kuliko maisha yake yote. Kila shukrani ilimng'olea gurudumu moja la Landkruza.

Akabaki na dume jeupe. Aliikumbatia kamba ya shingoni mwake kwa mikono miwili, akaliambia kwamba wao sasa ni ndugu. Hata dume moja, akapiga hesabu, kwa Patrisi linaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo. Wakafika karibu na mnadani, vumbi, moshi wa nyama, watu na kelele. Pale kwenye mlango wa uwanja akasimama Mmaasai mzee, shuka jekundu, fimbo mabegani. Ni Tobiko, aliyepanda kutoka Malambo, rafiki wa mzee Silvanus tangu ujana wao. Hakuuliza kitu. Alilitazama sikio la dume lilivyokatwa, akaita neno moja la Kimaa, na dume likamvuta Obed hatua kadhaa kwa kifua kabla hajakumbuka kuachia.

"Ero, kijana," Tobiko alimwambia, akimsaidia kusimama na kumrudishia kamba yake, "umelileta vizuri. Silvanus alisema atatuma mtu mwenye nguvu, kumbe ametuma wewe."

Basi Obed akaingia mnadani na kamba tupu. Huko akakuta jambo la kuchekesha. Namba zake zilikuwa mikononi mwa watu tele, na kila mwenye namba alikuwa ameambiwa na apu kwamba mbuzi na ng'ombe leo wamepanda. Wauzaji wakagoma kushuka. Wanunuzi, kwa kuwa nao walikuwa nayo, wakaona ndiyo bei. Kwa hiyo bei ikapanda kweli, kama ilivyotabiriwa, na watu walikuwa wanaonyeshana simu kwa furaha na kusema kijana yule si mchezo. Zile zilizokuwa zimebaki, mzee mmoja mwenye koti zito alikuwa amewauzia tangu asubuhi, kila moja elfu ishirini. Hakuna aliyelalamika. Obed, mtu wa kuuza hewa, safari hii alikuwa ameuza kitu kinachofanya kazi, na yeye peke yake ndiye hakukiamini.

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Pembeni ya uwanja, kwenye kivuli cha paa la kunyanyuka, mzee Silvanus alikuwa amekaa kwenye ngazi ya Landkruza anakula mbavu za mbuzi. Ufunguo ulikuwa umelala kwenye goti lake. Patrisi alishaondoka kwa basi la Mbulu, fedha kifuani.

"Umefika, mwanangu," akasema mzee. "Ng'ombe za watu wamezipata?"

"Wamezipata."

"Laurencia hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu." Obed akatupa kamba chini. "Baba, umeniibia."

Mzee Silvanus akaufuta mdomo, akawaangalia watu waliokuwa karibu, wote wenye namba, wote wenye masikio. "Hilo neno zito. Nimekuibia nini? Kitaje hapa, wasikie."

Obed akafungua mdomo. Akaitafuta ile mali yake aliyoibiwa ili aitaje, na kila alipoishika akakuta kwanza itabidi aeleze aliipataje. Watu walikuwa wanangoja. Kinyozi alikuwa miongoni mwao. Mzee wa kanisa pia. Akafunga mdomo, akameza vumbi.

"Kaa ule," akasema mzee Silvanus, akimsogezea ubavu. "Sasa sikiliza. Gari ninayo, kuendesha sijui. Wewe unajua?"

Obed akasema anajua.

"Kizungu?"

"Cha kutosha, baba."

"Na maneno tumeyaona." Mzee akaupima ufunguo kiganjani, akamrushia. Obed akaudaka kwa mikono miwili, maana ulikuwa ufunguo ule ule. Akapanda, akakaa kwenye usukani. Kiti kilikuwa kimejipinda kwa mgongo wa Patrisi lakini kikamkubali. Akaweka kiwiko dirishani. Hapo tu ndipo alipokumbuka kuuliza mshahara.

Mzee Silvanus akapanda nyuma, akavaa miwani. Akatoa simu, akagusa, kengele ikalia, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Inasema mshahara wa dereva kesho utapanda."

"Na leo?"

"Leo haioneshi. Ulitengeneza ya kesho." Akaegemeza kichwa kwenye kiti cha nyuma, akavuta koti. "Washa gari."